Muulize Bibi Shamba: Tunda Lako Litasubiri Siku Ngapi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za matunda. Muheza machungwa yanaelekea ukingoni, Pwani miembe imeanza kushika vichanga, na parachichi za nyanda za juu nazo zina maneno yake. Nimechagua barua tano. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa bibi shamba wa serikali, yaani afisa ugani anayeshauri wakulima, kwa miaka 31, katika wilaya nne, na ninajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Niliuza machungwa yakiwa kama gololi

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina michungwa 60 ya Valencia niliyoachiwa na marehemu baba. Januari mwanangu alichaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, nikahitaji sh 180,000 za godoro, sanduku, sare na michango. Dalali akaja, machungwa yakiwa kama gololi, akanipa sh 450,000 kwa shamba zima. Julai walipokuja kuvuna nilikaa chini ya mti nikahesabu. Wastani ulikuwa machungwa 500 kwa kila mti. Jirani yangu aliyesubiri ameuza chungwa moja sh 45 palepale shambani. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Serikali haina namna ya kutulinda? — Mkulima, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako nimeirudia mara mbili. Miti 60 kwa machungwa 500 ni machungwa 30,000, na kwa sh 45 ni sh 1,350,000. Umepata theluthi moja. Najua inavyouma, kwa sababu baba hakukuachia miti ili dalali aipeleke mjini.

Lakini tuseme ukweli ulivyo. Yule dalali alinunua hatari: jua kali, upepo wa kuangusha vichanga, wadudu, na bei kushuka Julai. Angeweza kupata hasara. Kosa lililotokea ni jingine, nalo ndilo ninalotaka ulishike: ulikuwa na shida ya sh 180,000, ukauza mali ya kutatua shida mara saba. Dalali alikupa sh 7,500 kwa mti. Shida yako ilikuwa ya miti 24 tu. Ungemwambia, "Hii 24 iliyo upande wa barabara chukua, ile 36 ya bondeni siuzi," mtoto angekwenda shule na Julai ungebaki na machungwa 18,000. Kwa bei ya jirani yako hayo ni sh 810,000.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wenu Muheza mnalijua kwa macho ila hamlitumii kwenye bei. Chungwa haliivi likishachumwa, huivia mtini, na likishaiva huweza kubaki pale wiki kadhaa bila kuharibika, hasa Valencia ya kuchelewa. Embe haliwezi hivyo, papai ndiyo kabisa. Dalali akikwambia "machungwa yataoza, uza leo," anakutia haraka ambayo chungwa lenyewe halina.

Sasa serikali. Hakuna ofisa atakayesimama shambani kwako kukuzuia kuuza mali yako, na nisingetaka awepo. Lakini kuna milango minne ambayo ungeigonga Januari ile.

Wa kwanza ni wa mtendaji wa kijiji. Mkataba wa kuuza matunda mtini uandikwe mbele yake: idadi ya miti, mti upi hadi upi, tarehe ya mwisho ya kuvuna, na fedha inalipwa lini. Madalali wengi huacha matunda mtini hadi Septemba wakingoja bei, na mti uliobebeshwa mzigo wa mwaka huu kwa muda mrefu hutoa maua machache ya mwaka unaofuata. Hasara hiyo ni yako.

Wa pili ni wa afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Wewe umri wa ujana huenda umekupita, lakini mama watoto je? Kikundi cha akina mama watano wenye michungwa, chenye katiba na akaunti, kinaomba mkopo huo. Fedha haitoki kwa wiki moja, kwa hiyo anzeni sasa, msingoje matokeo ya darasa la saba.

Wa tatu ni wa afisa ushirika wa wilaya. Nasikia mnasema AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, ni za korosho na pamba. Si kweli. Wakulima wa machungwa wanaweza kuandikisha chama chao, na faida yake kubwa ni kwamba mnunuzi wa lori zima anazungumza na mtu mmoja badala ya kuwazungukia wakulima 40 mmoja mmoja, akimtishia kila mmoja kwa bei ya mwenzake.

Wa nne, ofisi ya Wakala wa Vipimo, kwa wale mnaouza kwa gunia. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, na lumbesa, kujaza gunia kupita mdomo wake, ni kosa kisheria. Nilipokuwa kazini niliona wakulima wakishona kile kichuguu cha juu wao wenyewe, kwa sindano yao, kisha wakinilalamikia mimi.

Na usikubali kukatwa ushuru wa mazao. Ushuru ule hulipwa na mnunuzi. Dalali akiutoa kwenye fedha yako anakulipisha deni lake.

Miti ya baba yako ina umri. Kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kiko hapohapo Muheza na kazi yake kubwa ni udongo. Kabla ya kununua mfuko wa mbolea peleka udongo upimwe. Uchukue sehemu kumi tofauti za shamba, uchanganye kwenye ndoo safi, ubebe kilo moja. Watu wa mikoa mingine husafiri siku nzima kutafuta huduma ambayo kwako ni nauli ya bodaboda.

Mafunza ndani ya embe zuri

*Bibi Shamba, salaam. Mimi ni mama wa Mkuranga, nina miembe 40, Dodo, Bolibo na Apple. Mwaka jana embe Apple zilikuwa nzuri kwa nje, ukipasua ndani mafunza. Karibu nusu nilizimwaga. Duka la pembejeo wameniuzia dawa mara tatu na hali ni ileile. Afisa ugani wetu simwoni. Nifanye nini kabla msimu haujafika? — Mama wa Mkuranga*

Salaam, dada yangu. Swali lako limefika wakati mzuri, kwa sababu bado una wiki kadhaa.

Huyo ni inzi wa matunda. Aliyetusumbua zaidi pwani ni mgeni kutoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na hapa kwetu aliingia wakati huohuo. Nakumbuka msimu wa kwanza alipotufikia. Wazee walidhani ni uchawi, maana embe halikuwa na tundu la kuonekana. Jike hutoboa ganda kwa kijimkia chembamba na kutaga chini yake, funza hukulia kwenye nyama, embe linaanguka, funza anatoka na kujizika udongoni chini ya mti, na baada ya siku chache anaruka inzi mpya. Hapo ndipo utaona kwa nini dawa yako haikusaidia: ulipuliza juu ya ganda, mtoto yuko ndani na mwenzake yuko chini ya ardhi.

Kwa hiyo anza chini. Kila embe lililoanguka liokotwe kila siku, au kwa uchache mara mbili kwa wiki. Usilitupe kichakani, usilirundike kwenye shimo la kina cha kiganja, usilimwage kwenye jalala la jirani. Litie kwenye mfuko mweusi wa nailoni mzito, ufunge mdomo, uache juani siku kadhaa hadi kila kilichomo kife. Au chimba shimo la zaidi ya nusu mita na ufukie kwa udongo wa kushindilia. Kazi hii inachosha na haina heshima kama kupuliza dawa, najua. Ndiyo inayopunguza inzi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuona.

Pili, mitego. Kuna kivutio kinachoitwa methili eujeno, kinatiwa na tone la sumu kwenye chupa yenye matundu, inaning'inizwa kivulini kwenye mti. Kinavuta madume tu. Ukiona chupa imejaa inzi usifurahi ukakaa, kwa sababu jike aliyekwisha kupandwa bado anataga. Mtego unakuambia wingi wa inzi na unapunguza madume. Jike anafuatwa kwa chambo cha protini chenye kiuatilifu, kinachonyunyiziwa sehemu ndogo tu ya majani, kama mita moja ya mraba kwa mti, mara moja kwa wiki kuanzia matunda yakiwa madogo. Jike anahitaji protini ili mayai yakomae, anakula pale, anafia pale, na embe lako halijaguswa na sumu. Hicho kiuatilifu ununue chenye usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kibandiko chake ukisome. Muuza duka akikosa kukuonyesha namba ya usajili, ondoka.

Tatu, angalia uani. Una mkungu wa kivuli? Una mpera? Inzi huyu anaipenda mikungu mno, na anajificha humo miembe isipokuwa na matunda. Sikuambii ukate mkungu anaokalia babu saa nane mchana. Okota matunda yake kama unavyookota embe.

Nne, maji moto. Wale siafu wekundu wanaojenga viota vya majani, ambao wachumaji wanawalaani. Wakulima wa korosho wanawajua kwa kufukuza wadudu wanaonyonya machipukizi. Kwenye miembe nako wamo: utafiti uliofanyika Benin ulionyesha kwamba miembe yenye maji moto wengi huwa na embe chache zilizotagwa, kwa kuwa inzi huwaogopa na harufu waliyoiacha humfukuza. Ukipuliza dawa mti mzima unawaua hao kwanza. Wachumaji wapake majivu mikononi na wavumilie.

Yote haya ukifanya peke yako, inzi wa jirani watavuka uzio. Na hapa ndipo ninapomtaka afisa ugani wako. Mama, yule kijana au binti anahudumia kata nzima, wakati mwingine na kata ya pili ambayo haina mtu. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo kwa maafisa ugani, jambo tulilolilia miaka yangu yote. Lakini pikipiki haijui njia ya kwako. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mchague siku, mkae wenye miembe 15 au 20, ndipo mumpigie: "Jumanne saa nne tuko chini ya mwembe wa fulani, tuna mitego minne, tunataka utufundishe kuitega." Sijawahi kumjua afisa anayekataa mwito wa namna hiyo. Anayeitwa na mtu mmoja kwa ajili ya mti mmoja ataahirisha, nami niliahirisha. Ushauri wake ni bure. Mpeni maji ya kunywa na embe bivu. Fedha ya mafuta si deni lenu.

Pia upo mfumo wa M-Kilimo wa Wizara ya Kilimo, unauliza kwa simu na unajibiwa na afisa ugani. Kwa swali la ghafla unafaa. Kwa inzi hautoshi, kwa sababu inzi anahitaji mkutano.

Mwisho, chuma mapema. Embe Apple ukilichuma limekomaa, mabega yamejaa, bado gumu, litaivia ndani kwenye majani makavu. Ukilingojea lipige wekundu na kulainika mtini, umemwandalia inzi mezani. Kenya walijizuia wenyewe kupeleka embe Ulaya mwaka 2014 kwa ajili ya inzi huyu, wakarudi mwaka 2021 baada ya wakulima wa maeneo kama Makueni kufanya kazi hizihizi ninazokutajia, kijiji kizima kwa pamoja.

Nanasi kavu

*Nakausha nanasi na embe nyumbani, majirani wanazipenda. Duka la mjini limekataa kupokea mzigo kwa sababu sina nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Nimeambiwa ni mamilioni. — Dada, Morogoro*

Si mamilioni, mdogo wangu. Nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ofisi ya mkoa, ueleze unachofanya. Mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho ya SIDO hushughulikiwa na TBS bila malipo ya alama kwa miaka ya mwanzo. Lakini watakuja kuona unapokaushia. Kabla hawajaja, toa kuku jikoni, weka wavu kwenye madirisha, pata meza inayooshwa, na uandike kwenye daftari kila siku uliyokausha: kilo zilizoingia na kilo zilizotoka. Daftari hilo ndilo lililowapitisha watu wengi niliowapeleka.

"Mnaleta miche, hamleti soko"

*Bibi Shamba, mimi ni mwalimu mstaafu, niko kaskazini. Nitakuambia bila kuficha. Ninyi watu wa kilimo mna tabia moja. Mnakuja na lori la miche, picha zinapigwa, tunapanda. Miaka minne baadaye matunda yamejaa, ninyi hamko. Kijijini kwetu watu wanalisha ng'ombe parachichi. Kama serikali haina soko, kwa nini inatupa miche?*

Mwalimu, shikamoo. Barua yako nimeisoma jioni, nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi. Sina la kujitetea, kwa hiyo nitakusimulia.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka minne kazini, katika wilaya ambayo sitaitaja kwa kuwa watu wake bado wapo. Nilikuwa na bidii. Nilizunguka kaya 70 kuwashawishi wapande embe za kisasa, na kwa kuwa kitalu kilikuwa na aina moja tu iliyostawi, wote wakapanda aina hiyo. Miche ilishika vizuri mno. Nilipongezwa. Miaka sita baadaye, Desemba, miti yote ya kaya zote 70 iliiva ndani ya wiki tatu zilezile. Mvua za vuli zilikuwa zimekata barabara kwenye mto. Malori yaliyofika yalikuwa mawili. Kulikuwa na mama mmoja aliyenipokea siku ya kwanza kwa chai ya mkandaa, akanipa shamba lake liwe la mfano. Alinikuta njiani amebeba tenga la embe zilizopasuka akienda kuzimwaga, akanisalimu kwa adabu kama kawaida. Hakuniambia neno. Harufu ya embe zinazochacha bado siiwezi.

Sikuwa nimeuliza swali moja: hizi embe zikiiva, zinaweza kusubiri siku ngapi, na katika siku hizo nani atafika? Tangu hapo sikugawa mche bila kuliuliza. Niliwaambia wakulima wapande aina tatu zinazopishana kuiva, hata kama mojawapo haina bei nzuri.

Kwa hiyo, Mwalimu, uko sahihi, na ninataka nikupe kazi. Wewe una mwandiko mzuri na watu wanakusikiliza. Mnunuzi mkubwa hatafuti parachichi, parachichi ziko kila mahali. Anatafuta tani na tarehe. Kijiji chenu hakiwezi kumjibu, kwa sababu hakuna anayejua kuna miti mingapi. Chukua daftari kubwa. Kila kaya: miti mingapi, aina gani (Hass, Fuerte, au ya kienyeji), ilipandwa mwaka gani, mwaka jana ilichumwa mwezi gani, na barabara ya kufika ikoje mvua ikinyesha. Wiki mbili utakuwa umemaliza. Nakala moja kwa mtendaji, moja kwa afisa ugani, moja kwa afisa biashara wa halmashauri, na moja ibaki kwako.

Afisa biashara wengi wenu hamjawahi kumfikia. Mnamjua kwa leseni tu. Huyo ndiye anayepigiwa simu na makampuni yanayotafuta mzigo. Mtu akimuuliza "wapi nitapata tani 30 za Hass," anataja kijiji ambacho ana karatasi yake mezani. Nimeona hivyo kwa macho. Na Agosti ijayo, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane ya kanda pale Themi, Arusha, msiende kutembea tu na kununua miche mingine. Nendeni na lile daftari na kreti mbili za matunda, mzunguke banda kwa banda mkitafuta wanunuzi. TARI Tengeru wako karibu, wao ndio wataalamu wa mboga na matunda, na watawaambia kama miti yenu ni Hass kweli au mliuziwa jina. Miche mingi iliyogawiwa bila kupita kwenye kitalu kilichokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, huja kuwa kitu kingine ikizaa. Kama ndivyo ilivyo kwenu, mti haung'olewi. Hukatwa juu na kuunganishwa upya kwa kijiti cha aina inayotakiwa, na baada ya miaka miwili au mitatu unazaa tena.

Wengine watakuambia dawa ni kiwanda. Wenzetu wa Makueni, Kenya, serikali ya kaunti ilijenga kiwanda Kalamba cha kusaga embe kuwa rojo, kikafunguliwa mwaka 2017. Ninakiheshimu, kwa sababu kimefanya embe iliyokuwa inaoza iwe na pa kwenda. Ila kiwanda hulipa bei ya tunda la kusagwa, si ya tunda la mezani. Mkulima aliyepanda akitegemea kiwanda peke yake atalia. Kiwanda ni cha kubeba kinachobaki.

Mwalimu, andika tena ukishamaliza daftari. Ninataka kujua idadi ya miti.

Kreti tisa zilirudi

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 27, niko Rungwe. Ekari moja ya Hass, miti 82, mwaka wa tano. Kampuni ilikuja kununua, kati ya kreti 20 wakakataa 9. Nyingine walisema changa, nyingine zimechubuka. Jioni hiyohiyo akapita mnunuzi wa gari dogo, akasema atachuma yote hata changa, bei nusu. Nimwachie? — Kijana wa Rungwe*

Marahaba, mwanangu. Usimwachie. Parachichi ni tunda lenye subira kuliko yote shambani. Haliivi likiwa mtini. Hukomaa, kisha linangoja, na kuiva huanza siku likichumwa. Una wiki, pengine miezi, za kukaa na mali yako ikiongezeka mafuta. Anayekuja kuchuma changa anakununulia subira hiyo kwa nusu bei, kisha parachichi zake hufika mjini au nje ya nchi zikisinyaa kama mpira, na mnunuzi wa huko husema "za Tanzania hazifai." Anayechafuliwa jina ni wewe na mimi.

Utajuaje zimekomaa? Rangi haitakusaidia, kwa sababu Hass mtini ni ya kijani na hugeuka nyeusi baada ya kuchumwa. Kipimo cha kitaalamu ni uzito mkavu. Viwango vya kimataifa vinataka Hass iwe na angalau asilimia 21, na wanunuzi wengi hutaka zaidi. Maana yake, ukikata vipande vyembamba vya nyama vyenye gramu 100, ukavikausha kwenye oveni hadi uzito usipungue tena, zibaki gramu 21 au zaidi. TARI Uyole iko Mbeya, si mbali. Nendeni kikundi, muombe mfundishwe na mpimiwe kabla msimu haujafunguka. Kampuni ikisema changa, nawe uwe na namba yako.

Za kuchubuka ni kosa la mikono, na linarekebishika leo. Chuma kwa mkasi, uache kikonyo kifupi cha milimita chache, usivute. Kikonyo kikichomoka, ukungu huingilia hapo. Tumia mfuko wa begani wenye turubai laini, si ndoo tupu. Kreti ziwekwe kivulini mara moja, hata kama ni chini ya mgomba. Lililoanguka chini lisiingie kwenye kreti ya kuuza nje kabisa, hata likiwa zuri la kutia tamaa. Lile ni la nyumbani.

Mvua za Rungwe ni nyingi, kwa hiyo angalia miti ya chini ya mteremko. Majani yakiwa madogo na ya njano, mizizi inaoza kwa maji yaliyotuama. Chimba mfereji kabla ya kununua dawa.

Jambo jingine, kwa umri wako ni la muhimu kuliko bei ya mwaka huu. Novemba 2022 Tanzania ilitiliana saini na China kuhusu parachichi. Soko la namna hiyo linataka shamba na nyumba ya kupakia visajiliwe, na TPHPA wakague kabla ya kutoa cheti cha afya ya mimea. Anayesajiliwa ni mwenye kumbukumbu: ulipuliza nini, lini, kiasi gani, ulichuma lini, kreti ngapi. Ukiwa peke yako na miti 82 hawatakufuata. Mkiwa 30, mna miti zaidi ya 2,000 na daftari moja, mtazungumza na afisa wao kama watu wazima. Na kama hujajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji kwenye daftari la wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, fanya wiki hii, mpango huo upo tangu msimu wa 2022/23 na si wa mahindi pekee.

Sasa nenda shambani. Chuma matano kutoka miti mitano tofauti, upande wa jua na upande wa kivuli. Andika tarehe kwa kalamu kwenye ganda la kila moja, uyapange dirishani. Yakilainika sawasawa ndani ya siku saba hadi kumi, ganda likiwa limekaza, ita kampuni irudi. Yakisinyaa, ngoja wiki mbili, uchume matano mengine.